Siku Tisini

Kwa utaratibu tulioukuta, mwanafunzi asiyeonekana shuleni siku 90 mfululizo bila taarifa alihesabiwa kuwa ameacha. Mwalimu wa darasa alichukua rula, akapiga mstari mwekundu juu ya jina, kuanzia safu ya namba hadi mwisho wa ukurasa, na pembeni akaandika neno moja: utoro. Nilipiga mistari hiyo kwa miaka mitatu. Rula yenyewe ilikuwa ya mbao, imemeguka ncha, na kalamu nyekundu ilikuwa ileile tuliyosahihishia madaftari.

Nilifika pale Januari 2007 nikiwa na stashahada ya ualimu, begi moja, na godoro lililofungwa kamba juu ya basi. Zilikuwa zama za shule za kata. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulikuwa umeanza 2004, na Waziri Mkuu Edward Lowassa alikuwa akiwabana wakuu wa mikoa na wilaya hadi kila kata iwe na sekondari yake. Wananchi wa kata ile walisomba mawe na mchanga kwa mikokoteni ya ng'ombe, wakachanga fedha, wakainua madarasa matatu kando ya barabara ya vumbi, katika wilaya moja ya Shinyanga, kati ya majaruba ya mpunga na mbuga nyeusi ambayo mvua ikinyesha hunasa hata trekta. Maabara haikuwepo. Maktaba ilikuwa kabati moja ofisini kwa mkuu wa shule, na ufunguo wake alitembea nao mfukoni.

Tulikuwa walimu wanne: mkuu wa shule, mimi wa Jiografia na Historia, na vijana wawili waliotoka kidato cha sita, wakapewa mafunzo ya muda mfupi na leseni ya kufundisha. Mitaani walimu wa namna hiyo waliitwa vodafasta. Sikulipenda jina hilo tangu siku ya kwanza, na nalichukia zaidi sasa, kwa sababu mmoja wa vijana wale ndiye aliyenionyesha jambo ambalo mimi, mwenye cheti, nilikuwa nalipita kila asubuhi.

Kidato cha kwanza cha mwaka ule kiliingia mikondo miwili iliyojaa pomoni. Watoto walikaa watatu watatu kwenye madawati ya watu wawili. Wazazi walilipa ada ya shilingi 20,000 kwa mwaka, wengine kwa awamu nne, wengine kwa kuku na dengu walizouza siku ya gulio. Mwishoni mwa 2010, kundi hilohilo lilipoingia kufanya mtihani wa kidato cha nne, mkondo mmoja haukujaa.

Wengine walikwenda wapi? Wavulana walikwenda kwenye machimbo madogo ya dhahabu, au nyuma ya ng'ombe, wakahama na mifugo hadi malisho ya mbali kusini. Wasichana waliolewa, au walichukuliwa na shangazi fulani kwenda Mwanza au Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Sisi tuliandika taarifa ya robo mwaka kwa afisa elimu wa wilaya. Kulikuwa na safu ya "Sababu za mdondoko", nasi tuliijaza kwa sentensi ambayo kila mwalimu aliijua kwa moyo: mwamko mdogo wa elimu kwa wazazi.

Sentensi ile imenisumbua miaka mingi. Wazazi tuliowaandika hivyo ndio walewale waliobeba mawe.

Yule kijana wa leseni alikuwa mwalimu wa Hisabati. Jioni moja ya 2009 nilimkuta ofisini, taa ya chemli mezani, rejista za kidato cha pili zimefunguliwa zote, na penseli mkononi. Alikuwa anaunganisha alama za wasiokuwepo, ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayechora grafu.

"Mwalimu, hebu tazama," aliniambia. "Huyu tumeandika ameacha mwezi wa sita. Hakuacha mwezi wa sita. Alianza kuacha Februari."

Nikatazama. Februari alikosa Alhamisi mbili. Machi alikosa Alhamisi zote na Ijumaa moja. Aprili alionekana Jumatatu na Jumanne tu. Mei alikuja siku tano. Juni hakuja, na sisi tukaanza kuhesabu zile siku 90 hapo, wakati safari ilikuwa imekwisha zamani. Alhamisi ilikuwa siku ya gulio. Mtoto alikuwa anabeba gunia la mtu, anapewa mia tano. Wiki ijayo anabeba mawili. Wiki inayofuata hana sababu ya kurudi Ijumaa kuchapwa kwa kosa la jana.

Katika lugha ya shule jambo hilo lina jina. Huitwa utoro rejareja, na tulilitamka kila siku barazani kama kosa dogo, la kuadhibiwa na kusahauliwa. Kumbe watoto walikuwa wanaondoka kwa rejareja, na sisi tulikuwa tunawahesabu kwa jumla.

Kesho yake tulinunua kauntabuku moja dukani, ya kurasa nyingi, tukaiweka ofisini. Kila saa nne asubuhi viongozi wa darasa walileta majina ya wasiokuwepo. Jina likionekana siku ya pili, kabla ya kengele ya kutoka, tulimwita mwanafunzi anayetoka kitongoji kimoja na huyo mtoto tukamuuliza, pembeni, bila fimbo mezani. Watoto wanajua kila kitu. Wanajua nani mama yake amelazwa, nani viatu vimekatika, nani posa imeletwa usiku wa juzi na ng'ombe wangapi wametajwa. Walikuwa wanajua siku zote. Hatukuwahi kuwauliza.

Tulikubaliana pia kwamba siku ya tatu isipite bila mwalimu kufika nyumbani. Baiskeli ilikuwa moja, ya mkuu wa shule. Mwanzoni alitupa kwa shingo upande, baadaye akawa anaitia upepo mwenyewe kabla hatujaiomba.

Nisimulie safari moja tu.

Ilikuwa mwaka uliofuata, 2010, mpunga ukiwa umeanza kubeba masuke. Kijana mmoja wa kidato cha pili, mpole, mwenye mwandiko wa kupendeza, hakuwa ameonekana siku tatu. Mwenzake wa kitongoji alisema tu, "Yuko kwa bibi yake." Nilipanda baiskeli alfajiri, nikapita kwenye kingo za majaruba nikiwa nimekunja suruali, nikafika jua likiwa limepanda kidogo. Bibi alikuwa nje, anapepeta.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimu kwa kile Kisukuma kidogo nilichokuwa nacho.

Aliitikia, akaniletea kigoda, kisha bakuli la matobolwa na maziwa mgando. Hakuniuliza shida yangu mpaka nilipoonja. Nilipomuuliza mjukuu wake yuko wapi, alinyoosha mkono kuelekea majarubani.

"Yuko na ndege."

Nilimkuta juu ya dungu. Lilikuwa la miti minne, limeezekwa nyasi, na kutoka hapo kamba zilikwenda pande zote za shamba, zimefungwa makopo ya maziwa na vipande vya bati. Alivuta kamba hii, akavuta ile, makopo yakalia. Kombeo lilikuwa shingoni. Kwelea kwelea walikuja kama wingu lililoshushwa, wakageuka wote kwa pamoja, wakatua jaruba la jirani. Shati lake la shule lilikuwa limetundikwa kwenye mti mmoja wa dungu, safi, limekunjuliwa vizuri lisijikunje. Chini yake kulikuwa na mfuko wa plastiki wenye daftari la Baiolojia.

Alipoiona baiskeli aliruka chini akataka kukimbia. Nilikuwa nimetembea kilomita zote zile kumfuata mtoto, naye aliponiona aliona askari. Nilimwita kwa jina, nikakaa chini kwenye ukingo wa jaruba, nikatulia. Alirudi taratibu, akasimama mbali kidogo na mkono wangu.

"Mwalimu," alisema, "nikija shule wanakula mpunga. Baba yuko machimboni. Bibi hawezi kupanda dungu."

Nikamuuliza Jumamosi na Jumapili je. Akanitazama kama ninayepaswa kuelewa bila kuambiwa.

"Ndege hawana Jumamosi, Mwalimu."

Nilikaa naye mpaka kama saa nne hivi, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo mkulima yeyote wa kule angeniambia ningemuuliza. Jua lilipokuwa kali, ndege waliacha. Wingu lile lilikwenda kwenye miti ya migunga likatulia. Kijana alisema watarudi saa kumi jioni, jua likilegea. Katikati ya hapo shamba lilikuwa kimya, na yeye alikuwa anakaa juu ya dungu anasoma daftari lilelile, kwa sababu akija shule saa tano angechapwa kwa kuchelewa, na akiondoka saa tisa angechapwa kwa kutoroka.

Niliporudi tulibishana ofisini hadi giza likaingia. Mwalimu wa nidhamu alisema, na alikuwa na hoja, kwamba ukimruhusu mmoja kuja saa tano kesho utakuwa na darasa tupu asubuhi. Shule ni muda, alisema. Mimi sikuwa na jibu la kanuni. Nilisema tu nilichokiona: lile shati lililotundikwa. Mkuu wa shule alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Aje. Akifika saa tano, andikeni yupo."

Kilichofuata hakikuwa darasa tupu. Walijitokeza wengine kutoka vitongoji vya majarubani ambao tayari walikuwa kwenye kauntabuku yetu, na kumbe wote walikuwa wanaamia ndege. Kwa wiki zile chache za masuke, mwalimu wa Hisabati alihamishia vipindi vyake na vya Kiingereza katikati ya mchana, na asubuhi tukaweka michezo, usafi na bustani. Mwenyekiti wa kitongoji alikutana na wenye mashamba wakapanga zamu, dungu moja lilinde majaruba matatu. Ndege walipokwisha, ratiba ikarudi. Wote walirudi nayo.

Naeleza kirefu hivi kwa sababu tangu wakati huo nimekaa kwenye semina nyingi za kupunguza mdondoko, zenye majedwali ya mikakati, na sijawahi kuona neno "ndege" kwenye jedwali hata moja. Kwingine si ndege. Kando ya ziwa ni dagaa, kusini ni korosho. Mwalimu asiyejua mazao ya kata yake hawezi kuisoma rejista yake.

Si wote tuliowapata. Machimbo yalitushinda. Mvulana aliyeshika noti ya elfu kumi aliyoichimba mwenyewe, ukimrudisha darasani anakuja, anakaa, lakini macho yako nje. Mmoja tulimfuata mara nne. Mara ya nne alinipa soda, akaniomba kwa heshima zote nisije tena, kwa sababu wenzake walikuwa wanamcheka. Sikurudi. Bado sijui kama nilifanya sawa.

Lakini lazima nikiri kwamba wengi hawakuvutwa na kitu cha nje. Sisi ndio tuliowasukuma. Kila mwanzo wa muhula tulisimama mstarini na orodha ya wasiomaliza ada na michango: mlinzi, mitihani ya majaribio, madawati. "Nenda nyumbani, rudi na hela." Mtoto anakwenda kilomita nane, anamkuta baba hana, anaona aibu kurudi mikono mitupu, anangoja. Kungoja wiki mbili kunatosha. Tulipoanza kuandika kwenye kauntabuku sababu ya kila asiyekuwepo, ukurasa mmoja wa Januari ulikuwa na mwandiko wetu wenyewe mfululizo: amerudishwa, amerudishwa, amerudishwa. Bodi ya shule ilipooneshwa ukurasa ule, mzee mmoja mjumbe, ambaye hakuwahi kukaa darasani maisha yake yote, aliuliza swali moja: "Deni ni la mtoto au la baba yake?" Tangu hapo madai yalipelekwa kwa wazazi kupitia mtendaji wa kijiji, na mtoto akabaki darasani.

Na Kiingereza. Watoto hawa walisoma miaka saba kwa Kiswahili, wakaamka Januari moja wakakuta kila somo limegeuka, isipokuwa Kiswahili chenyewe. Mimi niliingia kidato cha kwanza nikaeleza mzunguko wa dunia kwa Kiingereza nilichojivunia, wao wakaitikia "yes sir" kwa pamoja. Nilidhani wameelewa. Mtoto anaweza kuitikia "yes sir" kwa miezi kumi na moja, kisha akaacha shule, na rejista isionyeshe siku hata moja aliyokosa kabla ya hapo.

Hilo lilitupiga usoni Februari 2013. Yalipotoka matokeo ya kidato cha nne ya 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa wa nchi nzima walikuwa wamepata sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume, matokeo yakapangwa upya, yakatangazwa tena Mei. Kijana wa dungu alikuwa kwenye mtihani ule. Mara ya kwanza alipata sifuri, mara ya pili daraja la nne. Bibi yake alitembea hadi shuleni, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi. Hakulalamika. Alitaka kujua tu hiyo karatasi inasema nini, na nilipomweleza, alikaa kimya, akasema, "Basi tulikesha na ndege." Nilishindwa kumtazama.

Baada ya hapo tuliacha kujisifu kwa idadi ya waliobaki. Wiki za mwanzo za kidato cha kwanza tukazifanya za Kiingereza kitupu, polepole, kwa vitu vinavyoshikika: jembe, mbegu, ng'ombe, njia ya kwenda zahanati. Nikaanza kufundisha Jiografia nikieleza kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, ingawa mkaguzi mmoja alinionya kwamba navunja utaratibu wa lugha ya kufundishia. Niliendelea. Darasa lililokuwa linaitikia "yes sir" lilianza kuuliza maswali, na mtoto anayeuliza swali Jumatatu hukuta ana sababu ya kuja Jumanne.

Mwaka 2016 ada ikaondolewa. Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015 ulikuwa umefuta ada hadi kidato cha nne, na Januari ile tulipokea watoto ambao hatukuwa na mahali pa kuwaweka. Nilifurahi kwa dhati, na bado naona ni jambo jema. Lakini lilikuja na pigo ambalo wengi wa nje hawakuliona. Tulikuwa na uji. Kila mzazi alileta debe la mahindi na kisado cha maharage kwa msimu, wakati wa mavuno. Saa nne watoto wakapata uji, na siku nyingine makande mchana. Mtoto anayetembea kilomita saba asubuhi na saba jioni, uji ule ulikuwa ndio uti wa mgongo wa mahudhurio yetu. Wazazi waliposikia elimu ni bure, wakasema serikali imeleta kila kitu. Mkuu wa shule akaogopa kuitisha hata kikombe cha mahindi, na Rais Magufuli alipopiga marufuku michango mashuleni Januari 2018, jiko likazimwa kabisa. Sufuria kubwa ilikaa stoo, ikaota kutu ukingoni. Kwenye kauntabuku, majina ya vitongoji vya mbali yakaanza kurudi.

Waliolifufua jiko walikuwa akina mama. Waliitisha mkutano wao kijijini, si shuleni, wakachagua kamati yao na mweka hazina wao, wakasema mahindi haya yanapimwa, yanatunzwa na yanapikwa na sisi, mwalimu asishike hata kopo. Ilikuwa sahihi hivyo. Siku sufuria iliporudi jikoni, mama mmoja aliisugua kwa mchanga na majivu tangu asubuhi hadi ikang'aa, akikataa kusaidiwa.

Wasichana waliotoka mbali walikuwa wanapanga vyumba senta, wawili watatu chumba kimoja, mlango wa bati usio na komeo la maana. Mageto, wanafunzi wenyewe waliyaita. Baba analeta unga mwisho wa mwezi, na unga ukiisha tarehe ishirini, mwenye bodaboda au mwenye duka ndiye anayejua. Tuliyajua hayo yote. Tuliwaita wasichana wale wahuni.

Hapa nafika kwa mmoja wao.

Alikuwa wa kundi lile la kwanza, la 2007. Alikaa dawati la mbele upande wa dirisha. Somo ambalo wenzake walilikimbia, kusoma ramani, yeye alilipenda. Ukimpa karatasi ya ramani alikuwa anaweka kidole juu ya mistari ya kontua na kukuambia mto utatiririka upande gani, mlima una mteremko mkali wapi, mtu akitoka kijiji hiki kwenda kile asipite bondeni. Niliwahi kumuuliza amejifunzia wapi. Alisema anachunga, alikuwa anaijua ardhi kabla ya kuiona kwenye karatasi.

Mwaka 2009, kidato cha tatu, baada ya likizo, wasichana walipelekwa zahanati kupimwa kama desturi ilivyokuwa. Yeye alikutwa na mimba. Kanuni zilizotumika, za 2002, zilitoa nafasi ya kumfukuza mwanafunzi kwa kosa la maadili, na mimba ilihesabiwa hivyo. Mkuu wa shule hakuwepo siku ile. Barua niliiandika mimi, kwa mkono wangu, nikaipiga muhuri. Nilimkabidhi nje ya ofisi. Alishika bahasha kwa mikono miwili, kama tulivyowafundisha kupokea kitu cha mkubwa, akasema, "Ahsante, Mwalimu."

Mwanamume alijulikana. Wazee walikaa, wakamaliza kwa ng'ombe. Jina lake halikuandikwa kwenye rejista yoyote.

Miaka ikapita. Sheria ya Elimu ilirekebishwa 2016, ikaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Mwaka uliofuata tukasikia kauli ya Rais kwamba msichana akizaa asirudi. Watu wa kata walijenga hosteli ya wasichana kwa matofali ya kuchoma, na halmashauri ikaweka bati. Mageto yakapungua, na mimba nazo. Nilikuwa nimeshakuwa mkuu wa shule. Kila nilipopita mbele ya benchi lile la nje niliiona bahasha.

Tarehe 24 Novemba 2021 nilikuwa nasikiliza redio nikisaini vyeti. Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba waliokatisha masomo, wakiwemo waliopata mimba, wataruhusiwa kurudi shuleni. Niliweka kalamu chini.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda gulioni. Nilijua anapouza: nyanya na vitunguu, kwenye turubai la bluu karibu na mti wa mkwaju. Alikuwa mtu mzima sasa, kitenge kimefungwa vizuri, na msichana wa kama miaka kumi na moja akimsaidia kupanga mafungu. Alinisalimu, "Shikamoo, Mwalimu," kama siku zote tulizokutana pale. Nikaitikia. Nikachuchumaa mbele ya nyanya, nikamweleza tangazo.

Alisikiliza hadi mwisho. "Ni kwa wa sasa tu, au na sisi?"

Ilibidi nimwambie ukweli. Kwa darasa la kawaida muda wake ulikuwa umepita. Nikamweleza kuhusu Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, kwamba anaweza kufanya mtihani wa maarifa, ule wa QT, kisha akafanya wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kwamba vitabu ningemletea mimi, na barua yoyote itakayohitajika ningeiandika mimi.

Mteja alikuja, akamhudumia, akahesabu chenji. Akapanga upya fungu lililobomoka, kubwa chini, ndogo juu. Kisha akaniuliza, bado anatazama nyanya:

"Kwenye Jiografia, lile swali la ramani bado lipo?"

"Bado lipo," nilimwambia. "Ni la lazima."

Akafuta mikono kwenye kitenge, akamwambia binti yake asogee, aniachie nafasi ya kukaa.